Mwitikiaji Anapoitikiwa: Tathmini ya Albamu ya Beautiful Scars ya Merry Clayton

Katika wimbo wa kwanza wa albamu ya Beautiful Scars kuna saksofoni inayopulizwa na mtu aliyekuwa amefariki dunia takribani miaka 19 kabla albamu yenyewe haijatoka. Mpulizaji ni Curtis Amy, mume wa mwimbaji, na kipande chake kimetolewa katika rekodi ya mwaka 1971, Merry Clayton alipouimba kwa mara ya kwanza wimbo huohuo wa A Song for You, uliotungwa na Leon Russell. Miaka hamsini baadaye mke, akiwa sasa na umri wa miaka 72, anaimba, kisha ananyamaza na kumpisha mumewe apulize. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya albamu, nikiwa na spika za masikioni na taa imezimwa, na kila mara nimejikuta nikiisubiri saksofoni ile kama mtu anayemsubiri mgeni anayemtambua kwa hatua zake.

Beautiful Scars, yaani makovu mazuri, ilitolewa Aprili 2021 na kampuni ya Motown Gospel ikiwa na nyimbo 10, na watayarishaji wake ni Lou Adler na Terry Young. Ni albamu ya injili iliyoungwa kwa soul, na ni ya kwanza ambayo Clayton aliitoa kwa jina lake tangu mwaka 1994. Jina hilo huenda lisimwambie chochote msikilizaji wa kawaida wa Dar es Salaam au Mombasa, lakini sauti yenyewe imefika mbali kuliko jina: imo katika Tapestry ya Carole King ya mwaka 1971, imo katika Sweet Home Alabama ya Lynyrd Skynyrd, na imo, kwa namna isiyosahaulika, katika Gimme Shelter ya Rolling Stones. Kote huko alikuwa mwitikiaji. Naiandikia albamu hii tathmini ndefu kuliko kawaida yangu kwa sababu naamini ndiyo inayojibu swali lililomwandama kwa nusu karne, la kwa nini mwenye sauti kama ile hakuwa nyota, na jibu lake si lile nililokuwa nimelizoea.

Clayton alizaliwa New Orleans tarehe 25 Desemba 1948, na jina la Merry alipewa kwa sababu ya Krismasi hiyo. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti, na humo kanisani mtoto huyo alikaa jirani na wageni ambao sisi tunawajua kwa santuri tu, akiwemo Mahalia Jackson. Msomaji aliyekulia kwenye kwaya ya usharika, au aliyewahi kuketi ukumbini siku ya taarab akawatazama waitikiaji waliojipanga nyuma ya mwimbaji, hahitaji kuelezwa kwamba kuitikia ni fani yenye sheria zake. Mwitikiaji huvuta pumzi pamoja na wenzake, hufunga neno pamoja nao ili irabu ya mwisho isibaki ikining'inia mdomoni mwa mmoja, na huutuliza mtetemo wa koo lake mpaka sauti tatu zisikike kama kamba moja iliyosokotwa. Anayesikika peke yake ameiharibu kazi. Mwimbaji wa kujitegemea hudaiwa kinyume chake: hudaiwa sauti yenye tabia yake, yenye kukwaruza mahali inapokwaruza, na pumzi inayokatika pale msikilizaji asipotarajia. Kwa hiyo anayevuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili hapandi ngazi ya kazi ileile, bali anabadilisha kazi, na nadhani wengi wanaoandika kuhusu waimbaji wa aina hii hulisahau jambo hilo.

Familia yake ilipohamia Los Angeles, Clayton aliingia studio mapema mno. Akiwa na miaka 14 aliimba pamoja na Bobby Darin, na mwaka 1963 akarekodi The Shoop Shoop Song, wimbo ambao haukumfikisha popote lakini uliompa Betty Everett umaarufu mkubwa mwaka uliofuata. Ni tukio dogo, ila ukiyajua yaliyokuja baadaye utaona kwamba maisha yake ya sanaa yalikuwa yameshaanza kujichora. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Raelettes, kundi la wanawake waliomwitikia Ray Charles, na katika bendi hiyo ndimo alimokutana na Curtis Amy, aliyekuwa kiongozi wa muziki. Amy ndiye pia aliyepuliza saksofoni katika Touch Me ya kundi la Doors, kwa wale wanaoukumbuka wimbo huo.

Kisha ukaja usiku wa mwaka 1969. Rolling Stones walikuwa Los Angeles wakiikamilisha albamu yao ya Let It Bleed, na mtayarishaji Jack Nitzsche alimpigia simu Clayton usiku wa manane, akiwa mjamzito na ameshalala, akimtaka aje kuimba na Waingereza fulani. Alikwenda na vibano vya nywele kichwani, juu ya nguo za kulalia amevaa koti la manyoya. Aliyoyaimba ni mistari michache tu. Karibu na dakika ya tatu ya rekodi ile analitamka neno la risasi kwa sauti ya juu kabisa, na sauti inapasuka. Kwenye neno la mauaji inapasuka tena, na ukiinamisha sikio utasikia nyuma yake mtu akipiga ukelele wa mshangao mle studio. Hawakuufuta. Mipasuko ile miwili ndiyo inayoufanya wimbo uogopeshe, na mwimbaji kiongozi hana mahali hata pamoja katika wimbo huo panapofikia uzito wake. Muda mfupi baadaye Clayton alipoteza mimba, na mwenyewe alisimulia miaka mingi baadaye kwamba kilikuwa kipindi cha giza kwake. Albamu ilipotoka, jina lake kwenye jalada liliandikwa vibaya: Mary badala ya Merry.

Naitaja habari hiyo ya jalada kwa uchungu, kwa kuwa mwitikiaji hulipwa ujira wa siku na jina lake huwa ndiyo hisa pekee anayobaki nayo katika wimbo. Hisa hiyo ikiandikwa vibaya, amebakiwa na nini?

Lou Adler, mwenye kampuni ya Ode, alimsikia na akaamua kumfanya mwimbaji wa kujitegemea. Mwaka 1970 ilitoka albamu iliyobeba jina la wimbo uleule, Gimme Shelter, na mwaka uliofuata ikatoka nyingine yenye jina la Merry Clayton peke yake, kisha ya tatu, Keep Your Eye on the Sparrow, mwaka 1975. Nimezisikiliza zote tatu kabla ya kuandika tathmini hii, na nakiri kwamba mbili za mwanzo ni muziki wa daraja la juu. Toleo lake la Gimme Shelter linakwenda kasi kuliko la Stones, tarumbeta na besi zikisukumana mbele, na anaimba kama mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake. Hata hivyo, katika chati ya Billboard, inayopanga nyimbo zinazovuma Marekani, wimbo huo uliishia nafasi ya 73. Wimbo uliobeba jina la albamu ya 1975 ulifika nafasi ya 45, na Yes, aliouimba kwa ajili ya filamu ya Dirty Dancing ya mwaka 1987, nao ukaishia hapohapo kwenye 45.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba soko lilikuwa na kiti kimoja tu cha mwanamke mweusi mwenye sauti ya kanisa, na Aretha Franklin alikuwa amekikalia tangu mwaka 1967. Kuna ukweli ndani yake. Kwa maoni yangu kuna jambo lingine zito zaidi, nalo ni uteuzi wa nyimbo. Ode ilimpa Clayton nyimbo za James Taylor, za Paul Simon, za Neil Young, na yeye akaziimba kwa koo la Kibaptisti. Leo tunausikia mchanganyiko huo kama ujasiri, lakini redio za Marekani za wakati ule zilikuwa zimegawanywa kwa rangi na kwa aina ya muziki, na albamu zake hazikuwa na mlango wa kuingilia: kwa vituo vya soul zilikuwa na roki nyingi, na kwa vituo vya roki zilikuwa na mwimbaji mweusi mwanamke. Ushahidi wake ninao katika nyimbo mbili. Mwaka 1971 Clayton aliirekodi Southern Man ya Neil Young, inayowasuta wazungu wa kusini mwa Marekani kwa utumwa na mijeledi yake. Wimbo haukwenda mbali. Kisha yeye na Clydie King wakaitwa kuitikia Sweet Home Alabama, uliotoka mwaka 1974, wimbo unaomjibu Neil Young kwa jina. Alisita mno, kwani Alabama, jimbo la huko kusini, kwa Mmarekani mweusi wa kizazi chake lilikuwa jina lenye damu, lakini mwishowe aliingia studio akaimba. Wimbo aliouimba kwa jina lake na kwa imani yake ukasahaulika. Ule alioitikia akiwa amesita unapigwa mpaka leo kila kona ya dunia.

Si kwamba haiwezekani kuvuka. Luther Vandross alimwitikia David Bowie katika Young Americans ya mwaka 1975, na ilipofika 1981 alikuwa nyota kwa albamu ya Never Too Much. Tofauti ni kwamba Vandross alikwenda mbele na nyimbo alizozitunga mwenyewe na alipanga mwenyewe waitikiaji wa nyuma yake. Lisa Fischer, ambaye kwa miaka mingi aliiimba sehemu ya Clayton jukwaani pamoja na Stones, alipata tuzo ya Grammy kwa wimbo kutoka So Intense ya mwaka 1991, kisha akarudi kuitikia, na simhesabu kama aliyeshindwa. Darlene Love aliimba He's a Rebel mwaka 1962, ukashika nafasi ya kwanza Marekani, huku jina lililoandikwa kwenye santuri likiwa la kundi jingine. Clayton yumo katika ukoo huo, na filamu ya 20 Feet from Stardom ya mwaka 2013, inayohusu waitikiaji na iliyotwaa Oscar mwaka 2014, ndiyo iliyowafanya wengi wetu tuwajue kwa sura.

Miezi michache baada ya Oscar hiyo, Juni 2014, Clayton alipata ajali mbaya ya gari mjini Los Angeles na akakatwa miguu yote miwili chini ya magoti. Alipoelezwa hospitalini, alichokiuliza ni kama sauti yake imepatwa na jambo. Haikuwa imepatwa na jambo. Mwaka 2015 alikuwa tayari amesikika katika A Head Full of Dreams ya Coldplay, na Lou Adler, yuleyule wa mwaka 1970, akaanza kumshawishi warekodi tena.

Sauti tunayoisikia katika Beautiful Scars si ile ya usiku wa 1969, wala watayarishaji hawakujaribu kuifufua. Imeshuka, imenenepa, na kwenye noti za chini ina mkwaruzo wa mti uliokauka vizuri. Zile noti za juu bado zipo, ila sasa hazitumii kama panga; anazifikia pale tu wimbo unapomlazimisha, na anakaa juu yake kwa muda mfupi. Katika Touch the Hem of His Garment, aliouimba Sam Cooke na Soul Stirrers mwaka 1956, anaisimulia habari ya mwanamke aliyegusa upindo wa vazi kwa upole wa mtu anayemsimulia jirani. Anajua kusubiri. Anaacha nafasi baada ya mstari, na katika nafasi hiyo wanaingia waitikiaji.

Hapo ndipo nilipoielewa albamu. Katika zile za miaka ya 1970, Adler alimtoa kwenye kwaya na kumsimamisha peke yake mbele ya bendi, kama ambavyo biashara ya muziki ilidhani mwimbaji wa kujitegemea lazima asimame. Katika hii amerudishiwa kwaya, lakini sasa kwaya inamtazama yeye. Sikiliza namna anavyoziacha sauti za nyuma zimalize neno kabla hajaanza lake. Hawakimbizi, hawafuniki, kwa sababu anajua kutoka ndani inavyochosha kumfuata mwimbaji asiyesikiliza. Mara kwa mara anajiunga nao chini yao, anashika sauti ya pili kwa nusu mstari, kisha anatoka tena juu. Hakuna mwimbaji aliyeanzia mbele ambaye angefikiria kufanya hivyo. Miaka hamsini ya kuitikia imegeuka kuwa mtindo wake wa kuongoza, na ndiyo maana nasema jibu la swali lile la zamani si lile nililolizoea: koo halikuwa na upungufu, wala bahati peke yake haikutosha kueleza, bali alipangiwa mahali pa kusimama pasipomfaa.

Wimbo uliobeba jina la albamu umetungwa na Diane Warren, mtunzi wa nyimbo nyingi kubwa za pop, na makovu anayoyaimba humo, kwa anayeijua ajali ile, hayahitaji ufafanuzi. Nauheshimu kuliko ninavyoupenda. Tuni yake imejengwa kwa ngazi za kutabirika, inapanda pale unapojua itapanda, na vinanda vimejaa hadi pembeni. Clayton anauokoa kwa matamshi: neno la makovu analilaza kidogo nyuma ya mdundo kila linaporudi, kama mtu anayekaa kwa uangalifu kwenye kiti. Love Is a Mighty River, uliotungwa na Chris Martin wa Coldplay, una afya zaidi, kwa kuwa umempa mdundo wa kupigiwa makofi na nafasi ya kucheka ndani ya wimbo, na furaha yake inasikika haijapakwa.

Nina malalamiko, na si madogo. Utayarishaji umeng'arishwa kupita kiasi katika nyimbo za katikati; ngoma zina usafi wa mashine, na kuna mahali nilitamani vitu vitatu tu: kinanda cha kanisa, makofi, na yeye. Ukitoka kwenye albamu ya 1970, ambamo Billy Preston yumo kwenye kinanda na unasikia hewa ya chumba walichorekodia, ukaja kwenye hii, utahisi kama umetoka uani na kuingia benki. Pia zipo nyimbo mbili tatu za sifa ambazo zingeweza kuimbwa na mwimbaji yeyote mzuri wa injili, na mwimbaji wa kiwango hiki hapaswi kupewa wimbo wa yeyote. Albamu ya nyimbo saba ingekuwa bora kuliko hii ya 10.

Hata hivyo naipendekeza bila kusita, hasa kwa wanakwaya na kwa walimu wao, kwa kuwa sijui rekodi nyingine ya karibuni inayofundisha kwa uwazi namna mwimbaji kiongozi anavyopaswa kuwasikiliza walio nyuma yake. Inapatikana kwenye majukwaa ya kawaida ya kusikilizia muziki mtandaoni, na nakala za diski bado zinauzwa kwa wanaotaka kushika jalada na kusoma majina. Kwa asiyemjua kabisa, nashauri aanze na dakika ya tatu ya Gimme Shelter ya Stones, aende kwenye toleo la Clayton mwenyewe la mwaka 1970, kisha ndipo aifungue hii na kukaa na wimbo wa kwanza mpaka saksofoni iingie.

Nakala yangu ya diski nilimwazima mama mmoja ambaye amesimama kwenye sauti ya pili ya kwaya yetu tangu kabla sijajiunga nayo. Alikaa nayo wiki tatu. Aliporudisha hakusema kama ameipenda. Aliniuliza yule mpuliza saksofoni ni nani, nikamweleza, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama ninayo na ile ya mwaka 1971.